L@mu2024! au maneno matano ya dadu?

Mwenye nyumba moja ya wageni hapa Mkomani, mjini Lamu, alinionyesha nywila ya barua pepe yake, L@mu2024!, kwa fahari ya fundi aliyemaliza kuchonga mlango. Herufi kubwa imo, alama zimo, tarakimu zimo. Lakini programu za wezi huanzia hapo hapo: jina la mji, mwaka, @ mahali pa a, na alama ya mshangao mwishoni. Herufi 9 za nasibu kweli zingewatoa jasho, ila nani atazikumbuka bila kuziandika nyuma ya kalenda?

Sasa tazama hii: punda kijiko mvua seremala kofia. Maneno yametolewa kwa kurusha dadu, mara tano kwa kila neno, kutoka orodha ya maneno 7,776. Kila neno ukiongeza, kazi ya mwizi inazidi mara 7,776, nawe unamwona punda amevaa kofia, humsahau. Usichague mwenyewe, wala usichukue methali. "Haraka haraka haina baraka" anaijua kila mtu. Tangu 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, nayo inatanguliza urefu kuliko mapambo ya alama.

Kero yake ni kuyaandika yote kwenye simu, umesimama gatini unangoja boti ya Mokowe. Hata hivyo kwa barua pepe nachagua maneno. Tovuti inayokataa nywila ndefu, iachie simu itunge na kuhifadhi herufi za nasibu. Na ya barua pepe isitumike kwingine kokote.