Filamu ya AstroSolar OD 5.0 kwenye darubini ya mm 80: uzoefu wangu

Kabla ya kukata filamu hii ya kampuni ya Baader, ambayo ni kichujio cha kutazamia Jua kinachofungwa mbele ya darubini, soma namba ya OD iliyo kwenye bahasha, yaani kipimo cha jinsi filamu inavyozuia mwanga. OD 5.0 hupitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 za mwanga. Ndugu yake, OD 3.8, hupitisha karibu mara 16 zaidi na ni ya kamera tu, si ya jicho. Zinafanana kama mapacha, kwa hiyo mimi huandika namba kwenye fremu kwa kalamu isiyofutika.

Jua huonekana jeupe. Wanaopenda rangi ya chungwa watafute filamu nyeusi ya polima, ila kwangu huu weupe unaonyesha vizuri zaidi maeneo angavu ya ukingoni. Kwa ukuzaji wa mara 50 Jua zima linaenea ndani ya duara unaloliona kwenye darubini, na doa kubwa la Jua linaonyesha kiini cheusi na utepe wa kijivu unaolizunguka. Ndimi za moto hutaziona. Hizo zinahitaji kichujio cha haidrojeni-alfa, kinachopitisha mwanga mwekundu wa nanomita 656.3 tu.

Fremu ndiyo yenye kazi. Kata pete mbili za kadibodi nene, tandaza filamu juu ya karatasi laini, kisha shusha juu yake pete yenye selotepu ya pande mbili. Usiivute! Mikunjo midogo haiharibu picha. Kinachoiharibu ni kuikaza kama ngozi ya ngoma. Funga kwa pete ya pili, halafu ongeza ukosi wa kadibodi unaoingia kwenye mrija kwa kubana, angalau sentimita 5, na uushikize kwa selotepu sehemu tatu. Upepo ukiing'oa fremu wakati jicho liko kwenye lenzi, retina inaungua bila maumivu yoyote, kwa kuwa haina neva za maumivu.

Kila mara kabla ya kutumia, inua fremu mbele ya taa kali utafute matundu. Filamu iliyochanika ni ya kutupa. Darubini ndogo ya kutafutia ivue au uifunike. Jua utalipata kwa kuzungusha mrija hadi kivuli chake kiwe kifupi kabisa.

Kile kichujio kidogo cha kioo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kinachokuja bure na baadhi ya darubini za bei ya chini, kivunje usije ukamwachia mtoto. Kinakaa pale ambapo joto lote lililokusanywa na lenzi ya mbele linakutana, na kioo hupasuka ghafla. Miwani ya kupatwa kwa Jua yenye alama ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha usalama wa miwani hiyo, nayo ni ya macho matupu tu, kamwe si ya kuvaa ukichungulia darubini isiyo na kichujio mbele.

Lawama yangu ni moja: filamu hii hushika vumbi na haipendi kusuguliwa. Napuliza kwa kipulizio cha mpira, kisha naihifadhi ndani ya boksi gumu.