Utepe wa lami pale slabu inapokutana na ukuta: nimeutumia msimu mzima wa mvua

Jiko langu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, liliongezwa baada ya nyumba kujengwa. Nyumba ina paa la mabati, jiko lina paa la slabu ya zege, na pale slabu inapogusana na ukuta wa zamani wa matofali ya kuchoma ndipo nilipopata tabu miaka mitatu. Mvua ikija na upepo wa ziwani, maji yanateremka nyuma ya kabati la vyombo, rangi inavimba malengelenge, na ukuta ukikauka unabaki na unga mweupe wa chumvi.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Mama, nikipiga simenti hapo hutaona tone tena." Kweli sikuona, mpaka Januari. Jua lilipoichoma slabu, ufa mwembamba kama uzi ukajitokeza palepale. Slabu inatanuka na kusinyaa, ukuta nao una mwendo wake, na simenti haikubali kuvutwa huku na huku. Fundi wa pili akaja na silikoni. Miezi miwili tu, nikashika ncha nikavuta, ikatoka yote kwa mkupuo kama gamba la nyoka, upande wa chini umejaa vumbi na chokaa. Hakupiga hata brashi.

Mwezi wa pili mwaka huu nikanunua utepe wa lami wenye mgongo wa alumini, ule unaobandua karatasi na kuubandika. Upana sentimita 20, roli la mita 10, shilingi 80,000. Muuzaji alisema praima ya lami, ile ya kupaka kwanza ili utepe ushike, si lazima. Usimsikilize. Nilijaribu kipande kidogo bila praima na kesho yake kidole kimoja kilitosha kukibandua.

Safari hii nilisimama juu ya slabu mwenyewe, mwavuli mkononi kwa ajili ya jua. Fundi alikwangua chokaa yote kwa brashi ya waya mpaka tofali likaonekana. Kwenye kona akaweka simenti kwa mshazari, ili utepe usikunjwe kwa pembe kali, maana hapo ndipo unapochanika. Simenti ikakauka siku kadhaa. Ndipo praima, tukangoja mpaka ikaacha kunata kidoleni, na saa saba mchana, lami ikiwa laini kwa joto, utepe ukabandikwa. Tuliukandamiza kwa kuviringisha chupa ya soda. Vipande vilipandiana sentimita 10.

Sasa udhaifu wake, ambao dukani hakuna atakayekuambia: ukingo wa juu. Gundi ya ukutani ikichoka, maji yanayoteremka ukutani yanaingia nyuma ya utepe, na hapo ni heri usingeweka kitu. Kwa hiyo fundi alichimba mfereji kwa grainda, kina sentimita 2, ukingo ukaingizwa humo na kuzibwa kwa gundi ya poliurethani, inayovutika bila kukatika. Ningepata utepe mpana zaidi ningeuchukua, kwa sababu inatakiwa utepe upandishwe ukutani kama sentimita 15, na wangu umepanda 10 tu.

Mvua za Machi hadi Mei zimepita. Nyuma ya kabati pakavu. Hata kaloli, wale ndege wakubwa wenye kipara, wametua juu yake na kutembea kama wakaguzi, haukutoboka.

Kasoro iliyobaki si ya utepe: slabu yenyewe inainamia ukutani badala ya kuinamia nje, basi maji yanatuama pale saa nzima baada ya kila mvua. Fundi anataka kumwaga tabaka jipya lenye mteremko. Nimemwambia angoje nimalize ada za shule. Mita mbili za utepe zimebaki, na jirani ameshaziomba kwa ajili ya kibaraza chake.