Waya wa Vitanzi vya Shanga: Upi Ununue, Upi Uuache Dukani

Hereni ya shanga ikirudishwa kwa fundi, mara nyingi shanga zenyewe ni nzima. Kilichofunguka ni kitanzi. Kitanzi cha kukunja mara moja na kuacha hukubali kuvutwa na nywele, mtandio au mkono wa mtoto. Kitanzi cha kuzungushia hakifunguki hivyo: mkia wa waya unazungushwa shingoni mara mbili au tatu, kati ya kitanzi na ushanga, na ncha inabanwa ndani isikwaruze. Kukitoa lazima ukate. Lakini kinataka waya unaokubali kuzunguka na kubaki ulipowekwa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu wanachagua rangi kwanza.

Anza na unene. Kwa shanga nyingi, milimita 0.6 inatosha. Lulu zina matundu finyu, kwa hiyo shuka hadi 0.5 au hata 0.4. Shanga kubwa za udongo, kama zile za Kazuri zinazotengenezwa Karen, Nairobi, zina uzito na tundu pana, nazo zinabeba 0.8. Ukizidi hapo, shingo ya kitanzi inakuwa nene kupita kiasi.

Dukani utatajiwa namba, na namba kubwa ni waya mwembamba. Angalia: kuna vipimo viwili vinavyotumia namba zilezile. Namba 22 ya Kimarekani ni milimita 0.64, lakini 22 ya Kiingereza ni 0.71. Namba 20 ni 0.81 kwa Wamarekani na 0.91 kwa Waingereza. Tofauti inaonekana ndogo hadi waya ugome kupita tunduni. Omba kwa milimita. Muuzaji asipojua, zungusha waya kwenye penseli mara kumi, mizunguko ikigusana, kisha pima upana wake kwa rula: milimita 6 maana yake ni waya wa 0.6. Nenda pia na sumaku ndogo. Shaba na fedha hazinaswi; waya wa rangi ya dhahabu unaonasa ni chuma kilichopakwa.

Sasa mpangilio wangu.

Wa kwanza ni shaba njano, yaani brasi, ya 0.6. Ina ukakamavu kidogo, kwa hiyo kitanzi hakipindi hata ushanga ukiwa mzito, na rangi yake inaendana na karibu kila kitu, kuanzia shanga nyekundu za Kimaasai hadi mbegu na mifupa. Bei yake haiumizi ukiharibu vipande. Kasoro ni kwamba ikiwa ngumu hurudi nyuma kama springi. Dawa ipo: uviringe uwe gurudumu dogo, uupitishe juu ya moto wa gesi, uutoe mara tu unapoanza kuwa mwekundu. Ukipoa utakuwa laini, na weusi unatoka kwa ndimu na chumvi. Ndimu hiyohiyo itamfaa mteja wako wa Mombasa au Tanga, maana upepo wa bahari na jasho huifubaza shaba mapema.

Wa pili, shaba nyekundu, kopa. Kwa mkono unaojifunza ningeiweka ya kwanza bila ubishi. Inakunjika kwa utiifu, na kadiri unavyoikunja ndivyo inavyokaza. Lakini huacha alama ya kijani kwenye ngozi za watu wengi, na si kila mteja anapenda wekundu wake.

Uzuri mwingine wa kopa ni kwamba inapatikana kwenye mabaki. Kebo ya mtandao wa kompyuta ina nyaya nane ndani, kila moja takriban 0.5, saizi nzuri ya vitanzi vidogo. Chagua ile ya kupita ukutani, yenye uzi mmoja mgumu. Zile fupi za kuchomeka kwenye kompyuta mara nyingi zina nyuzi nyingi kama unywele na hazifai. Kisha kwaruza ncha kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyovikwa kopa, itakatika ukiizungusha. Waya wa umeme wa nyumba, ule wa 1.5, usikudanganye: namba hiyo ni eneo la mkato, na unene wake ni karibu milimita 1.4. Huo wa bangili, si wa shanga.

Fedha 925, yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha, iko ya tatu kwa sababu ya bei tu. Kwa lulu, kwa tanzanite, na kwa kulabu zinazopita sikioni, sina waya ninaoupenda zaidi. Inauzwa kwa gramu, basi unene ni pesa: mita moja ya 0.5 ina takriban gramu 2, ya 0.8 inapita gramu 5. Ukiuziwa "fedha ya Kijerumani" kwa bei nafuu, ujue ni shaba, zinki na nikeli, haina fedha hata chembe, na nikeli huwasha masikio ya wengi.

Waya uliovikwa dhahabu, wenye alama 1/20 14K GF, ni mzuri sana na hudumu, kwani tabaka lake la dhahabu ya karati 14 ni sehemu moja kwa ishirini ya uzito. Nunua ukiwa tayari na mteja wa kulipa. Waya wa kuchovya tu kwenye dhahabu ni habari nyingine. Plaisi huubambua pale pale kwenye kitanzi, mahali panapoonekana zaidi.

Chuma kisichoshika kutu ni kigumu mno kwa kazi hii. Kulabu zake nunua zilizokwisha kutengenezwa.

Alumini iache kabisa kwa vitanzi, hata ikikuvutia kwa rangi zake za zambarau na kijani. Nyembamba inakatika, nene haibani. Na ule waya mgumu wa chuma wa bangili, unaojiviringa wenyewe, usiukate kwa kikatio chako cha kopa, utayatia mapengo meno yake.

Kuhusu kiasi: kila ushanga wenye kitanzi huku na huku unakula urefu wake pamoja na sentimita 8 hivi, sehemu yake ikiwa vipande vya kutupa. Gramu 100 za brasi ya 0.6 ni karibu mita 40, zaidi ya viungo 400 vya shanga ndogo. Usikubali kuuziwa kilo nzima mara ya kwanza.