Seti ya kung'arisha kanopi ya F-16: nimeijaribu kwenye vumbi la Dodoma

Mambo vipi wadau, karibuni tena mezani. Mkisikia kitu kinagonga nyuma yangu ni bati la jirani. Huu ni mwezi wa saba, niko Nkuhungu, na upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe. Nimefunga madirisha yote na bado meza nimeifuta mara mbili tangu asubuhi.

Leo nina kitu kidogo cha bei kubwa, cha kung'arishia kanopi, yaani kioo kinachomfunika rubani, kwenye modeli ya plastiki ya F-16, ile ndege ya kivita. Hiki hapa. Ndani ya pakiti kuna sponji nne za msasa laini, kichupa cha polishi kisichozidi kidole gumba, na karatasi ya tepu ya kufunika kioo kisipate rangi, iliyokwisha kukatwa kwa umbo la kanopi ya F-16 ya kipimo cha 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Nimeagiza nje, imefika Dar, ikapanda basi hadi huku. Ukijumlisha na nauli ya kifurushi, imenitoka shilingi 62,000. Jina la mtengenezaji silitaji, kwa sababu nina maneno naye.

Utaniuliza, 62,000 kwa ajili ya kioo tu? Ndiyo, na nitakwambia kwa nini. Ukiwa na modeli ya MiG-21, ndege nyingine ya kivita, kioo cha mbele kina fremu nene. Ukikwaruza karibu nayo, inakusitiri. F-16 haikusitiri. Ndege hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1974, na kioo chake cha mbele kimeungana na cha juu, kipande kimoja, hakuna nguzo mbele ya macho ya rubani. Rubani anaona kote. Na mtu akisimama mbele ya kabati lako naye anaona kote, hadi ndani kwenye kiti kilicholalia nyuma, na mkwaruzo wako wote njiani.

Halafu kuna hili. Ngoja nisogeze kamera. Mnauona huo mstari unaopita juu, katikati, toka mbele hadi nyuma, kama mshono wa suruali? Huo si ufa. Kanopi hii imevimba ubavuni, tumboni ni pana kuliko chini inapokaa. Moldi, yaani kalibu ya kiwandani, ya kufunguka juu na chini haiwezi kuiachia, ni kama ngumi iliyoshika embe ndani ya mtungi. Kwa hiyo kiwandani wanatumia moldi inayofunguka kushoto na kulia, na pale inapokutana ndipo mstari unabaki. Kwenye ndege yenyewe mstari huo haupo.

Sasa kazi. Mimi sianzi na sponji zao. Naanza na bledi ya upasuaji namba 11, ile ya duka la vifaa vya hospitali, bei yake chai na andazi. Naisimamisha wima, sikati, nakwangua tu, navuta kuja kwangu. Unga unaotoka ni mweupe, mwembamba kama sembe. Kidole kikipita bila kukwama, basi, naacha.

Ndipo sponji zinaingia, na maji. Msikauke hapa, maji muda wote. Hizi sponji nazisifu: zinapinda zifuate mviringo, wakati msasa wa karatasi ukiukunja unaacha pembe, na pembe inachimba. Ile ya kwanza itakutisha. Kanopi inakuwa nyeupe yote, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Mara ya kwanza kufanya hivi nilidhani nimeua modeli. Usikate tamaa na usirudi nyuma, nenda ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja ukibadilisha uelekeo, ili uone mikwaruzo ya iliyotangulia inapoisha.

Haya mambo sikuyasoma popote. Nilimwona fundi mmoja wa magari kule Chang'ombe, hii yetu ya Dodoma, si ya Dar, akirudisha taa za gari zilizofifia: msasa wa maji namba 1000, 2000, 3000, kisha polishi. Taa hizo ni polikaboneti, plastiki ngumu, na kioo cha F-16 halisi nacho ni polikaboneti. Ila hii ya kwetu ni polistirini, plastiki nyingine, haipendi joto. Yeye anatumia mashine, wewe tumia mkono. Mashine itakuyeyushia kioo kabla hujasema lolote.

Kichupa cha polishi sasa. Hapa ndipo maneno yangu na mtengenezaji. Nilichukua kanopi ya akiba, upande wa kushoto nikapaka ya kichupa, upande wa kulia polishi ya gari niliyopimiwa na yule fundi kwenye kifuniko cha soda. Nikamwita mpwa wangu, miaka tisa, macho mazima. Nikamwambia, angalia, upi unang'aa zaidi? Akageuzageuza, akasema, "Mjomba, pande zote zina uso wako." Basi. Kichupa hicho ni hela ya bure. Dawa ya meno nayo inafanya kazi kwa shida, halafu inaganda kwenye mifereji, utaichokonoa na kijiti hadi jioni.

Rangi ya kioo nitapita haraka. F-16 nyingi kioo chake kina wekundu wa dhahabu au moshi kidogo, ni utando mwembamba wa metali unaozuia mawimbi ya rada yasiingie chumba cha rubani na kurudi. Mimi nimeweka tone la njano inayopitisha mwanga na nusu tone la rangi ya moshi kwenye vanishi ya akriliki inayong'aa, nikachovya kanopi, nikanyonya tone la chini kwa tishu, nikafunika na bakuli palepale. Nimechovyea bafuni, sakafu nimeimwagia maji, vumbi lilale. Siku ya mgao wa maji, ahirisha. Na usifute plastiki kwa kitambaa kikavu: hewa yetu kavu, ukisugua inajaa umeme, vumbi lote la Nkuhungu linakuja lenyewe.

Tepu ndiyo iliyonifanya nisijutie. Imekaa pembeni mwa fremu kama imepimwa na fundi cherehani. Kipande cha nyuma tu kimepungua kama unene wa ukucha, nikajazia na tepu ya mafundi rangi. Nikapuliza rangi nyeusi kwenye fremu kwanza, ndiyo itakayoonekana kwa ndani, kisha kijivu juu yake. Kubandua, vuta taratibu huku umeikunja, usivute kwenda juu.

Gundi, jamani, si supaglu. Kanopi yangu ya mwaka jana niliibandika kwa supaglu usiku, asubuhi nikakuta ukungu mweupe kwa ndani, mvuke wake ule. Na ndani hufiki. Tumia gundi nyeupe ya seremala, inakauka haina rangi, na ikizidi unafuta kwa pamba ya masikio yenye maji.

Kwa hiyo, ukiniuliza: tepu nunua, hata ukiikuta inauzwa peke yake. Sponji, kama hela ipo. Kichupa mwachie mwenyewe.

Hii hapa, naileta kwenye mwanga. Mstari hamuuoni, sivyo? Sasa angalieni juu ya kichwa cha kiti, kushoto kidogo. Kanukta keupe. Punje ya vumbi. Iko ndani. Nimeiona leo asubuhi, gundi imeshakauka.

Sifungui.