Kutuma oda mikoani kwa basi: huduma ilivyo, na jinsi ya kuipanga isikuangushe

Duka dogo linalouza kwa Instagram na WhatsApp kutoka Dar es Salaam lina njia tatu kuu za kumfikishia mteja mzigo wake: bodaboda kwa mteja wa mjini, Posta, na ofisi za vifurushi za mabasi. Tathmini hii ni ya hiyo ya tatu, kwa sababu ndiyo ambayo wenye maduka huikimbilia mteja anapokuwa mkoani, na ndiyo inayobeba lawama nzito kuliko nyingine zote. Lawama nyingi haistahili. Basi linafikisha mzigo stendi, halimfikishii mteja mlangoni. Ukilitegemea kama dilivari litakuangusha kila wiki. Ukilichukulia kama gari linalotoka saa fulani na kufika kaunta fulani, halafu ukaibeba wewe mwenyewe kazi iliyobaki kati ya kaunta na mteja, ni huduma nzuri sana kwa bei yake.

Sifa yake ya kwanza ni kasi. Dar hadi Dodoma ni kilomita kama 450, Arusha kama 640, Mbeya zaidi ya 800, Mwanza zaidi ya 1,100. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na njiani kuna mizani, chakula na abiria wa kushusha. Hata hivyo mzigo wa Dodoma unaoondoka alfajiri unafika mchana, wa Arusha jioni, na wa Mwanza usiku wa manane au alfajiri inayofuata. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, oda iliyolipiwa asubuhi inaweza kuondoka jioni hiyohiyo badala ya kungoja alfajiri.

Bei ni habari nyingine. Kampuni kubwa za vifurushi hutoza kwa kilo au kwa nafasi, kipi kizidi: unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, unagawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 lina ujazo wa 36,000, kwa hiyo linahesabiwa kilo 7.2 hata kama ndani kuna mto wa kilo mbili. Kaunta ya basi haina hesabu hiyo. Karani anatazama, ananyanyua, anataja bei. Ndiyo maana vitu vyepesi vyenye umbo kubwa, kama mito, maua ya plastiki na viatu pamoja na maboksi yake, vinaenda kwa nafuu zaidi kwa basi. Ubaya wake ni kwamba karani wa asubuhi na wa jioni wanaweza kutaja bei mbili kwa boksi lilelile, na wewe ulishamwambia mteja nauli. Dawa ni kutumia saizi tatu tu za boksi, kuzipeleka kwa msimamizi wa ofisi moja, na kukubaliana bei ya kila saizi kwa kila mji unaotuma mara kwa mara. Mtumaji anayeleta mizigo kila siku husikilizwa. Anayezunguka kampuni tano akitafuta nafuu ya mia tano anaanza upya kila siku.

Mzigo unapotelea wapi

Kupotea kabisa si jambo la kawaida kama watu wanavyodhani. La kawaida ni kupitilizwa. Basi la Mwanza linapita Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Mzigo wa Nzega uko kwenye buti pamoja na ya Mwanza, basi linafika Nzega usiku, konda ana usingizi na abiria wawili wa kushusha, ofisi ya hapo imefungwa. Mzigo unalala Mwanza na kurudishwa kesho yake, kama kuna atakayekumbuka. Kwa mji ulio katikati ya njia, kwanza tafuta basi ambalo safari yake inaishia hapohapo, hata kama ni la kampuni ndogo. Usipolipata, mwombe karani apakie mzigo wako mwishoni, karibu na mlango wa buti, na uandike SHUSHA NZEGA kwa herufi kubwa pande mbili zinazotazamana. Upande mmoja hautoshi, maana boksi linaweza kulazwa kifudifudi.

La pili ni majina ya miji. Tunduma iko Songwe, mpakani na Zambia. Tunduru iko Ruvuma. Mwandiko mbaya wa herufi mbili za mwisho unatuma mzigo magharibi badala ya kusini. Kibaoni iko Ifakara, na Kibaoni nyingine iko Katavi. Andika mji na mkoa, kila mara, hata kama unaona ni dhahiri.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa, ni jina la mpokeaji. Mteja anajiita Mama Abuu kwenye WhatsApp, mzigo unaandikwa Mama Abuu, na karani wa mkoani anataka kitambulisho. Hakuna kitambulisho kinachosema Mama Abuu. Mteja akilipa kwa simu, meseji ya muamala inakupa jina lililosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Liandike hilo, baada ya kumuuliza mteja swali moja: "Aliyelipa ndiye atakayepokea?" Kama atakayepokea ni dada yake au kijana wa dukani, chukua jina la huyo kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Omba na namba ya pili ya simu. Mzigo ukifika saa 10 alfajiri na simu pekee haipatikani, karani anauweka rafu ya nyuma na kuusahau, na baadhi ya ofisi hutoza hifadhi mzigo ukikaa siku kadhaa.

Lebo yenyewe ina makosa yake. Wino wa maka peni juu ya selotepu unafutika kwa jasho la mkono. Andika kwenye karatasi, bandika, kisha pitisha selotepu angavu juu yake. Wenye printa ndogo za joto, zile za karatasi ya milimita 58 au lebo ya 100 kwa 150, wajue kuwa maandishi yake hufifia kwenye joto, na buti la basi mchana wa Januari ni joto kweli. Kwa mzigo wa safari ya saa sita haina neno. Kwa mzigo utakaokaa rafuni wiki nzima, rudia namba ya simu kwa maka peni pembeni. Na weka nakala ya lebo ndani ya boksi kabla ya kufunga: ya nje ikichanika, karani akifungua atajua mzigo ni wa nani.

Kupanga kazi ya dukani kwa saa ya basi

Duka nyingi hufunga oda jinsi zinavyoingia na kumwita bodaboda kwa kila moja. Hapo ndipo faida inapoishia. Tuseme bodaboda kutoka Kariakoo hadi Kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis anachukua shilingi 10,000. Mzigo mmoja umebeba 10,000 nzima; mizigo minane katika safari moja inabeba 1,250 kila mmoja. Kampuni nyingi za mabasi zina ofisi za kupokelea mizigo mjini, Shekilango kwa mfano, na gari lao linaipeleka stendi. Tumia ofisi hizo, lakini uliza swali ambalo watumaji wengi hawaulizi: gari lenu la kukusanya linaondoka hapa saa ngapi? Mzigo uliopokelewa dakika kumi baada ya gari hilo kuondoka una risiti ya leo na safari ya kesho.

Ukishajua saa hiyo, hesabu kwa kurudi nyuma. Basi linaondoka saa 12 jioni, gari la kukusanya linaondoka saa 10, bodaboda na foleni ya kaunta vinataka saa moja, kwa hiyo mizigo iwe imefungwa saa 9 alasiri. Mtu mmoja akitumia dakika tano kwa kila mzigo, oda 12 ni saa nzima, basi kazi ianze saa 8. Weka saa 7 mchana kuwa mwisho wa oda za leo, uiandike kwenye wasifu wa ukurasa wako, na usivunje hata kwa mteja rafiki. Oda moja inayosubiriwa inachelewesha zote 12.

Kusanya bidhaa za oda zote kwa pamoja kabla ya kuanza kufunga. Ukikusanya na kufunga moja moja unatembea njia ileile mara 12, na ndipo rangi na saizi zinapochanganyika. Kila oda ipate namba: 0614-07 ni oda ya saba ya Juni 14. Namba hiyo iwe kwenye daftari, kwenye boksi na kwenye mazungumzo na mteja. WhatsApp Business ina lebo za rangi za kupanga wateja. Ongeza mbili zako, IMEPAKIWA na IMEPOKELEWA. Hii ya pili ndiyo watu huiacha. Bila hiyo, unajua mzigo haujapokelewa siku mteja anapokuja kulalamika hadharani.

Piga picha tatu: bidhaa ndani ya boksi lililo wazi, boksi lililofungwa na lebo ikisomeka, na risiti ya basi. Kisha mtumie mteja ujumbe mmoja uliokamilika: "Mzigo 0614-07 umepakiwa leo jioni. Basi namba T… , risiti namba… . Unafika stendi ya Nzega kesho asubuhi, chukua ofisini kuanzia saa 6 mchana. Nenda na kitambulisho chenye jina hili… . Simu ya ofisi ya hapo ni… ." Hiyo namba ya mwisho iwe ya ofisi ya mkoani, si ya Dar. Ofisi ya Dar haioni rafu ya Nzega. Ujumbe huu ukiwa kamili unapunguza simu za "mzigo wangu umefika wapi?" kuliko kitu kingine chochote.

Kufungasha

Chukulia kwamba mzigo wako utakaa chini, juu yake kuna begi la kilo 40, na pembeni kuna ndoo ya samaki inayovuja. Boksi liingie kwenye nailoni, halafu kiroba, kisha lishonwe au lifungwe kamba. Selotepu ya milimita 48 ipite kwenye mshono wa katikati na kingo zote mbili, juu na chini. Ukanda mmoja wa katikati hufunguka boksi likiminywa. Vyombo vya kioo viwe na nafasi ya sentimita tano iliyojazwa pande zote. Tikisa: ukisikia kitu, hujamaliza. Mishale ya "upande huu juu" haisomwi na mtu, kwa hiyo mafuta ya nywele na losheni vifungwe kama vitakavyolala chali. Fungua kifuniko, weka kipande cha nailoni mdomoni mwa chupa, funga juu yake, zungushia selotepu, kisha mfuko wake peke yake. Chokoleti na mishumaa ipande basi la usiku tu.

Usiandike nje kilichomo wala bei yake. Lakini kwa karani taja thamani ya kweli na uhakikishe imeandikwa kwenye risiti, kwa sababu maandishi madogo ya risiti nyingi hupunguza au huondoa fidia kwa mzigo usiotajwa thamani. Mwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, aambatanishe risiti ya mauzo. Mzigo wa biashara usio na risiti unaweza kuzuiwa ukikaguliwa njiani.

Malipo: kaunta ya basi haimkusanyii muuzaji bei ya bidhaa. Mteja akisema atalipa akipokea, mzigo wa basi haumfai. Mtajie jumla mapema, ikiwa na sehemu zote: bidhaa, nauli ya mzigo, na kama unatumia namba ya kawaida badala ya Lipa Namba, ya kutolea. Anayeogopa utapeli mtumie picha ya boksi lililofungwa lenye jina lake kabla hajamalizia kulipa. Inasaidia kuliko maneno.

Posta inashinda wapi? Mteja aliye wilaya ambayo basi la Dar haliingii, nyaraka, na vitu vidogo vya thamani. EMS, huduma ya haraka ya Posta, inakupa namba ya ufuatiliaji yenye herufi mbili, tarakimu tisa na TZ mwishoni, ambayo mteja anaifuatilia mwenyewe. Basi kwa kawaida halina kitu cha namna hiyo. Kwa mteja wa Dodoma anayetaka gauni la harusi ya kesho, hakuna mashindano, ni basi.

Mzigo usipoonekana, fanya haraka. Pigia kwanza ofisi ya mkoani, uombe watafute kwa namba ya simu, si kwa jina. Pili, ofisi ya Dar: waangalie kama ulipakiwa kweli, maana mizigo mingi inayoitwa imepotea haijaondoka. Tatu, kwa namba ya basi, waulizeni wa kituo cha mwisho na wa njia ya kurudi. Ndani ya siku moja buti bado lina watu wanaolikumbuka. Baada ya hapo andika malalamiko kwa maandishi, ukiambatanisha picha zako tatu. Kampuni isipojibu, huduma za vifurushi ziko chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na watataka uwe umeilalamikia kampuni kwanza. Peleka barua uliyoiandikia kampuni pamoja na ile risiti yenye thamani iliyotajwa.