Dumu Lililopasuka: Chembechembe au Tofali?

Dumu la lita 20 likipasuka na kufika kwa mnunuzi wa plastiki, kuna njia mbili: lisagwe liwe chembechembe za kutengenezea bidhaa mpya, au liyeyushwe pamoja na mchanga liwe tofali la pevingi.

Mimi nasimama na chembechembe. Geuza dumu uangalie kitako: mara nyingi utaona pembetatu yenye namba 2, yaani aina ya plastiki iitwayo HDPE. Ndoo na viti vingi ni namba 5, aina nyingine iitwayo PP. HDPE huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, PP karibu 160, na zikichanganywa hutoa bidhaa dhaifu. Ndiyo maana kazi kubwa ni kuchambua na kuosha. Pipa la maji husaidia: hizo mbili huelea, PVC, aina nyingine ya plastiki iliyo nzito zaidi, huzama. Kutenga HDPE na PP kunabaki kuwa kazi ya mikono na macho yaliyozoea, na wachambuzi hao wanastahili kulipwa vizuri kuliko sasa. Ikisafishwa, plastiki hiyo hurudi kuwa kreti, beseni au bomba, kisha husagwa tena.

Tofali nalo lina nafasi yake. Gjenge Makers ya Nairobi, iliyoanzishwa na Nzambi Matee, hutengeneza matofali ya namna hiyo. Lakini plastiki ikishashikana na mchanga, kuitenganisha ni karibu muhali. Tofali liachiwe mabaki yasiyofaa kusagwa, na PVC isiguswe na moto kabisa: hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu ya wafanyakazi.