Kiboksi cha AV kwenda HDMI kwa deki ya zamani: nimekitumia wiki 3

Wadau habari zenu, mimi niko Tanga na nimenunua kile kiboksi kidogo cheupe cha kugeuza AV (zile waya za pini ya njano, nyeupe na nyekundu) kuwa HDMI (tundu la TV za kisasa) ili deki ya VHS ya marehemu baba ionyeshe kwenye flati. Naandika kwa sababu wengi wanakinunua wakidhani kinatibu picha mbovu, na mimi nilidhani hivyohivyo, hakitibu.

Mama alitaka kuona mkanda wa harusi yao wa 1996, bibi yumo mle anapiga vigelegele na hatuna video nyingine yake hata moja. TV ya chogo ilishakufa zamani. Kabla hata ya kiboksi nikachomeka waya moja kwa moja kwenye TV, pini ya njano ikaingia kwenye lile tundu la kijani maana kwenye TV yangu AV na Component (njia nyingine ya kuingiza picha) zinatumia tundu hilohilo, picha ikaja nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho. Nikajua mkanda umepoteza rangi, moyo ukaniuma sana. Kumbe kwenye rimoti nilikuwa nimechagua Component badala ya AV, tundu moja lakini kazi mbili, nilivyobadilisha tu rangi zikarudi, nguo ya kijani ya bibi ileile.

Ila sasa kila baada ya sekunde chache TV inakuwa bluu tupu, inaandika hakuna signo, inarudi, inapotea tena. Ndo nikaenda kununua kiboksi, elfu 25. Hapa muwe makini jamani, dukani viko vya aina 2 na kwa umbo ni mapacha, kimoja kimeandikwa AV2HDMI na kingine HDMI2AV, deki inataka AV2HDMI, ukikosea hupati picha kabisa na muuzaji wa kwangu alishaanza kunifungia kile kingine. Halafu chomeka umeme wake wa USB kwenye chaja ya simu, mimi kwenye USB ya TV kilikuwa kinazima na kuwaka, kwenye chaja kikatulia.

Nimefika nyumbani nimefunga kila kitu, tatizo lilelile, picha inakatika vilevile. Nikampelekea fundi mmoja mzee wa mtaani, na alichonifundisha kina thamani kuliko kiboksi chenyewe. Aliwasha deki bila mkanda akafungua menyu ya deki, ile haitoki kwenye mkanda, maandishi yakakaa yametulia kabisa. Akaniambia mwanangu, waya mzima, kiboksi kizima, TV nzima, ugonjwa uko kwenye mkanda au hedi, yaani kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda. Dakika 1 tu kashajua! Mimi nimehangaika siku 4 na waya.

Akafungua kifuniko cha mkanda, pembeni ya utepe kuna ukungu mweupe kama unga. Hii pwani yetu na unyevu wake, mikanda imekaa kabatini miaka yote. Ule ukungu ukiingia kwenye deki unaganda kwenye hedi, na hedi chafu inatoa signo dhaifu inayoyumba, TV ya chogo ingeonyesha chenga na mistari lakini ingeendelea kuonyesha, flati haina uvumilivu huo, ikiona signo imeyumba inakata inaweka bluu. Na kiboksi nacho ni hivyohivyo, kinapokea kilichoharibika kinapeleka kilichoharibika.

Alisafisha hedi kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, ngozi imetulia anazungusha lile duara lenye hedi kwa mkono, hapandishi wala hashushi maana ukisugua juu chini unaivunja hedi. Mkanda wenyewe akausafisha siku nzima. Baadae akarekebisha trakingi, yaani hedi ifuate sawasawa njia ya picha kwenye mkanda, ile mistari ya chini ikashuka ikatoka.

Sasa kiboksi kama kiboksi. Picha inatulia, sauti safi, hakichemki sana. Kibaya kinavuta picha, watu wote wamekuwa wanene, kwahiyo ingia kwenye TV weka 4:3. Kile kiswichi cha kuchagua ukubwa wa picha, 720 au 1080, usihangaike nacho, VHS ni VHS, mimi sioni tofauti. Na tuna mkanda mwingine mjomba alituma kutoka Marekani, ule ni NTSC, sistimu ya picha ya kwao, mistari 525, sisi huku ni PAL, mistari 625, deki yetu ni PAL peke yake kwahiyo picha inaruka juu chini haikamatiki, kiboksi hakikusaidia lolote, hapo inatakiwa deki ya sistimu zote.

Kama TV yako bado ina tundu za AV usinunue, waya unatosha. Kama ina HDMI tu basi chukua, naipa nyota 3 kati ya 5. Hela ya kwanza ipeleke kwa fundi asafishe hedi, na mkanda wenye ukungu usiutumbukize kwenye deki kabla haujasafishwa, maana deki mpya hazitengenezwi tena tangu 2016 Funai ya Japani ilipoacha, hedi ikifa utatafuta za mtumba.

Mama kaangalia harusi yake mara 3 jana. Jumapili mafundi wanakuja kutuhamishia yote kwenye flashi, nitawaambia imetokaje.